Namna ya Kuutafakari Mwaka Mbele za Mungu Kabla ya Mkesha

Usiku wa tarehe 31 Desemba makanisa mengi ya Afrika Mashariki hujaa mpaka viti vya plastiki vikapangwa nje, na watu ambao hawakuonekana tangu Pasaka huja wakiwa wamevaa vizuri na kushika Biblia. Ni jambo la kufurahisha. Hata hivyo, anayeyasikiliza kwa makini maombi ya usiku ule atagundua kwamba karibu yote yanahusu mwaka ambao haujafika: kazi mpya, ndoa, kiwanja, viza, uponyaji, kupandishwa cheo. Mwaka unaokwisha huachiwa sentensi moja tu, kwamba tunamshukuru Mungu ametuvusha, kisha safari ya maombi inaendelea mbele. Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba Mkristo anapaswa kukumbuka kabla ya kuomba, na kwamba kukumbuka ni kazi yenye muda wake, vifaa vyake na utaratibu wake, ambayo haiwezi kufanyika katikati ya vipaza sauti wakati umati unahesabu sekunde za mwisho.

Wala hili si jambo geni katika historia ya mkesha wenyewe. Ibada ya kukesha mwisho wa mwaka, kwa namna inavyojulikana katika makanisa ya Kiprotestanti, ilianza katika jumuiya ya Wamoraviani wa Herrnhut, nchini Ujerumani, mwaka 1733, na miongoni mwao kukawa na desturi ya kusoma mbele ya usharika taarifa iliyoandikwa ya mwaka uliopita, yenye habari za waliozaliwa na waliofariki, mambo yaliyolipata kanisa, na matukio makubwa ya dunia. Watu walisikiliza kwanza yaliyotokea, ndipo wakaingia mwaka mpya. Kanisa hilohilo ndilo lililoleta wamisionari wake Rungwe, katika Tanzania ya leo, mwaka 1891, kwa hiyo mizizi ya jambo hili haiko mbali nasi. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, aliichukua ibada ya kukesha kutoka kwa Wamoraviani, na mwaka 1755 akaongeza ibada ya kufanya upya agano na Mungu, ambayo Wamethodisti wengi baadaye waliiweka mwanzoni mwa mwaka. Kanisa Katoliki nalo, jioni ya tarehe 31 Desemba, huimba utenzi wa kale wa Te Deum kwa ajili ya kushukuru kwa mwaka unaofungwa.

Kuna pingamizi moja ambalo lazima lijibiwe mapema, kwa sababu hutolewa mara kwa mara na watu wenye imani ya kweli. Husemwa kwamba Mtume Paulo ametuagiza tusitazame nyuma, kwa kuwa aliwaandikia Wafilipi, "nikiyasahau yaliyo nyuma, nikiyachuchumilia yaliyo mbele." Lakini mtu akisoma sura hiyo ya tatu tangu mwanzo ataona kwamba, kabla ya kusema maneno hayo, Paulo ameorodhesha maisha yake ya nyuma kwa uwazi wa kushangaza: tohara ya siku ya nane, kabila la Benyamini, Ufarisayo, na bila kujificha, kwamba alikuwa mtu wa kuliudhi Kanisa. Ameyataja yote, ameyapima, kisha ameyahesabu kuwa hasara. Anayosahau ni yale aliyokwisha kuyatazama usoni. Asiyetaka kuyatazama kabisa huendelea kuyabeba, tofauti ikiwa ni kwamba hajui uzito wake.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Chagua siku moja kati ya tarehe 26 na 30 Desemba, na uiweke mapema kama unavyoweka miadi ya hospitali, maana wiki hiyo ndiyo wiki ya wageni, harusi, safari za kwenda kijijini na nyama. Saa tatu zinatosha kwa mtu anayefanya kwa mara ya kwanza, na ni afadhali zigawanywe katika vipindi viwili, asubuhi na jioni, kuliko kukaa mfululizo hadi akili ichoke. Ukiwa nyumbani kwa wazazi ambako hakuna chumba cha peke yako, chini ya mgomba kunafaa, na kanisa la mtaani siku ya kazi mara nyingi huwa tupu. Simu utaihitaji kwa muda, kama nitakavyoeleza, lakini izime intaneti yake. Kama una desturi ya kufunga, funga nusu siku, ila usifanye mfungo kuwa sharti la kazi hii, kwa sababu mtu mwenye njaa na vidonda vya tumbo atatafakari tumbo lake.

Hatua ambayo watu wengi huiruka, na ambayo mimi naiona kuwa muhimu kuliko zote, ni kukusanya kumbukumbu kabla ya kuanza kusali. Akili ya binadamu ikiachwa peke yake huurudisha mwaka ikianzia na mwezi uliopita na tukio lililouma zaidi, na mengine yote huyameza. Ndiyo maana Biblia inapoagiza watu wakumbuke huwapa kitu cha kushika: Yoshua aliamuru mawe 12 yatolewe katikati ya Yordani ili watoto watakapouliza maana yake waelezwe habari za kuvuka. Wewe mawe yako yamo ndani ya simu na ndani ya kabati. Fungua picha ulizopiga tangu Januari na uzipitie kwa mpangilio wa tarehe. Chukua taarifa ya miamala ya M-Pesa au ya benki, kwa sababu pesa haina unafiki: itaonyesha ulimtumia nani, mara ngapi, na itakukumbusha ni nani aliyekuomba ukamjibu kwamba huna, siku ileile uliyolipia jambo jingine. Tafuta bahasha za ahadi za kanisa, kadi za kliniki, ratiba za misiba uliyohudhuria, ripoti za shule za watoto. Tazama ujumbe uliotuma, hasa ule uliotumwa usiku ukiwa na hasira. Kisha, kwenye daftari, andika kila mwezi katika ukurasa wake, na chini yake uorodheshe yaliyotokea bila kuyatolea hukumu: nani alizaliwa, nani aliugua, ulihama lini, ulikosana na nani, ni Jumapili zipi hukuenda ibadani na kwa nini. Mkulima anaweza kugawa mwaka kwa masika, kipupwe, vuli na kiangazi badala ya miezi, na mwalimu kwa mihula. Anayefuata kalenda ya Kanisa anaweza kugawa kwa Majilio, Kwaresima, Pasaka na majuma yanayofuata. La msingi ni kwamba uwe na karatasi inayosema ukweli kabla hujaanza kuzungumza na Mungu juu yake.

Karatasi hiyo ikiwa tayari, anza kwa shukrani, hata kama mwaka ulikuwa mbaya. Mpangilio huu nauazima kwa Ignasi wa Loyola, ambaye shirika lake la Wajesuiti liliidhinishwa na Papa mwaka 1540, na ambaye aliwafundisha watu kuichunguza dhamiri yao kwa kufuata hatua tano: kushukuru, kuomba mwanga, kujichunguza, kuomba msamaha, na kukusudia marekebisho. Yeye aliukusudia utaratibu huo kwa ajili ya kila siku, lakini unaubeba mwaka bila shida. Sababu ya kuanza na shukrani ni kwamba mtu akianza na dhambi zake, ama atajitetea ama atazama katika kujichukia, ilhali aliyeona kwanza jinsi alivyotendewa wema anaweza kuutazama ubaya wake bila kukimbia. Zaburi ya 103 huiambia nafsi isizisahau "fadhili zake zote," na neno zote hapo linadai orodha. Kwa hiyo usiandike kwamba unashukuru kwa uzima. Andika kwamba mwezi wa tano, mtoto alipopata degedege saa nane usiku, jirani mwenye bajaji aliamka bila kulalamika. Andika jina lake. Shukrani isiyotaja tarehe wala mtu ni heshima tu tunayompa Mungu kwa mazoea.

Hapa pana hadithi inayostahili kusomwa polepole. Katika 1 Samweli sura ya 7, Samweli alisimamisha jiwe, akaliita Ebenezeri, yaani jiwe la msaada, akasema, "Hata sasa BWANA ametusaidia." Maneno hayo huandikwa kwenye mabasi, maduka na vyombo vya uvuvi, na watu huyasoma kama tangazo la ushindi. Lakini jina Ebenezeri limetajwa tayari katika sura ya 4 ya kitabu hichohicho, pale Waisraeli walipopiga kambi wakaenda vitani, wakapigwa na Wafilisti, na sanduku la agano likatekwa. Msomaji wa kitabu hicho anapofika kwenye jiwe la Samweli anakuwa amekwisha kulisikia jina hilo pamoja na habari ya aibu. Msaada wa Mungu unatajwa kwa jina lilelile la kushindwa. Kwa sababu hiyo, unapopitia miezi yako, usitenganishe kurasa za furaha na kurasa za hasara kana kwamba Mungu alikuwapo katika zile za kwanza tu. Jiulize katika kila mwezi ulioharibika ni msaada gani ulikufikia humohumo ndani ya uharibifu.

Baada ya shukrani, omba mwanga kwa maneno machache. Zaburi ya 139 ina sala iliyo tayari: "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu." Sala hiyo inamwomba Mungu awe mchunguzi, na hilo linakupunguzia mzigo, kwa sababu huhitaji kufukua kila kitu wewe mwenyewe kwa hofu ya kusahau dhambi moja.

Ndipo unapofika kwenye kujichunguza, na hapa nashauri usitumie maswali ya jumla kama "Je, nilikuwa karibu na Mungu mwaka huu?" kwa kuwa hayana jibu linaloweza kuthibitishwa. Uliza juu ya mambo manne ambayo karatasi yako inaweza kuyashuhudia. La kwanza ni pesa: mshahara wa dada wa kazi ulilipwa kwa wakati? Marejesho ya kikoba yalikwenda wapi? Je, mchango wa harusi ya mtu mwenye cheo ulikuwa mkubwa kuliko rambirambi ya mjane? La pili ni ulimi, kwa maana ya uliyoyasema mwenyewe na uliyoyasambaza kwenye makundi ya WhatsApp bila kujua kama ni kweli. La tatu ni watu uliopewa mamlaka juu yao, wawe watoto, wanafunzi, wafanyakazi au mwenzi wa ndoa asiye na kipato. La nne, ambalo Wakristo wazuri hulikwepa zaidi, ni mambo mema uliyoombwa kuyafanya ukanyamaza. Mtu anaweza kumaliza mwaka bila kuiba, bila kuzini na bila kulewa, na bado akawa hakumtembelea mgonjwa hata mmoja.

Dhambi iliyopatikana isiishie kwenye daftari. Yesu, katika Mathayo sura ya 5, anamwambia mtu aliyekwisha kufika madhabahuni na sadaka yake, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka palepale, aende kwanza akapatane. Ndiyo sababu niliomba kazi hii ifanyike mapema kabla ya mkesha: ili zibaki siku za kwenda. Pitia orodha yako na uchague makosa ambayo yana mtu wa upande wa pili, kisha uamue kwa kila moja utafanya nini kabla ya mkesha. Deni dogo lilipwe. Deni kubwa lisilolipika litajwe kwa mdai pamoja na mpango wa kulilipa, maana anayekaa kimya humlazimisha mwenzake kuwaza mabaya. Aliyetukanwa apigiwe simu, na simu hiyo isianze kwa kueleza kwa nini ulikasirika. Zakayo hakutoa maelezo; alisema atawapa maskini nusu ya mali yake na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Tahadhari moja inahitajika: pale ambapo kukutana na mtu kunaweza kuamsha hatari, kwa mfano mume aliyekuwa akikupiga au mtu aliyekudhalilisha, kusamehe hakukulazimishi kurudi mikononi mwake, na jambo hilo lizungumzwe kwanza na mchungaji, padre au mshauri unayemwamini. Vivyo hivyo, siri ambayo ukiifichua itakupa wewe unafuu na kumvunja mwingine isipelekwe kwa ujumbe wa simu wakati wa sikukuu. Wakatoliki wana sakramenti ya Kitubio kwa ajili ya mzigo wa namna hii, na Waprotestanti wasisite kumwomba mzee wa kanisa mwenye kifua awasikilize.

Pana watu ambao mwaka wao haukuwa na dhambi kubwa wala baraka kubwa, bali ulikuwa na kaburi. Kwao hatua zilizotangulia zinaweza kuwa ukatili zikifuatwa kwa ukali. Aliyemzika mtoto mwezi wa tisa asilazimishwe kuandika kurasa za shukrani ili aonekane ana imani, wala asiambiwe na wageni wa Krismasi kwamba Mungu ana mpango mzuri zaidi. Zaburi zimempa lugha yake. Ya 77 inauliza bila kuficha, "Je! Mungu amesahau fadhili zake?" na ndipo baadaye inaanza kukumbuka matendo ya kale. Ya 88 haifiki hata huko. Inaishia gizani, na bado Kanisa limeihifadhi kama sala. Kwa hiyo mfiwa achukue zaburi moja kati ya hizo, aisome kwa sauti akitaja jina la aliyemzika pale panapomgusa, na afunge daftari. Hayo yanatosha kwa mwaka huo. Ikiwa usingizi umetoweka kwa majuma mengi au mawazo ya kutaka kufa yamemjia, basi kinachohitajika kwanza ni mtu wa kukaa naye na huduma ya daktari, na tafakuri itasubiri.

Sehemu ya mwaka ujao iwe fupi. Watu hupenda kuandika malengo mengi, na makanisa mengine yamezoea kutoa kaulimbiu ya mwaka inayoahidi kupenya, kuinuliwa au kurudishiwa, mabango yakiwa yamechapishwa tangu Novemba. Sina ugomvi na kaulimbiu, lakini mfano wa mtini katika Luka sura ya 13 unanifundisha zaidi. Mti umekaa miaka mitatu bila tunda, mwenye shamba anataka ukatwe, na mtunzaji anaomba, "Bwana, uuache mwaka huu nao, hata niupalilie, niutilie samadi." Mwaka mpya katika mfano huo ni muda wa rehema uliopatikana kwa maombezi, na unakuja pamoja na jembe. Hivyo, soma tena karatasi yako, utafute sehemu moja ambayo imekaa miaka kadhaa bila tunda, kisha uandike utaipalilia namna gani, kwa kitendo kinachoonekana na siku inayojulikana. "Nitasali zaidi" hakifai. "Kila Alhamisi jioni nitakwenda jumuiya, na nimemwomba jirani yangu anipitie" kinafaa, kwa sababu kuna mtu atakayebisha hodi.

Kama mnafanya kama familia, msisomeane madaftari. Kila mtu ana haki ya ukurasa wake, na mzazi anayedai kuona ya mtoto amegeuza tafakuri kuwa upelelezi. Jioni ya tarehe 30 au 31, baada ya chakula, kaeni pamoja jamvini au sebuleni, televisheni ikiwa imezimwa, na kila mmoja aseme jambo moja analomshukuru Mungu na jambo moja alilolikosea aliyemo chumbani humo. Baba au mama aanze, na aanze na kosa lake mwenyewe kwa watoto. Nyumba nyingi mtoto hajawahi kumsikia mzee wake akisema "nisamehe," na akilisikia mara moja hatahitaji kufundishwa maana ya toba. Bibi au babu akiwapo, ombeni awasimulie mwaka mmoja mgumu aliouona zamani na jinsi walivyoishi. Mdogo asiyejua kuandika achore. Isizidi saa moja, na majina ya waliofariki mwaka huo yatajwe kabla ya sala ya mwisho.

Ukienda kwenye mkesha baada ya hayo, nenda na karatasi ile ndani ya Biblia, bila kumwonyesha mtu na bila kuipiga picha kwa ajili ya mtandao. Kiongozi atakaposema tushukuru, utakuwa na majina ya kutaja. Wachungaji na makatekista wanaosoma haya wanaweza kuirudisha desturi ya Herrnhut kwa gharama ndogo sana: katibu wa usharika aandike ukurasa mmoja au miwili wa mwaka, ubatizo, ndoa, misiba, mafuriko au ukame uliowapata washarika, ahadi za ujenzi zilizotimia na zisizotimia, na usomwe polepole saa tano usiku, kabla ya maombi ya kuombea mwaka mpya kuanza. Taarifa ya fedha isiwemo. Hiyo ina mkutano wake.

Wapo wauguzi, walinzi, madereva wa malori na wahudumu wa hoteli ambao wiki hiyo yote wako kazini, na ambao hupitisha saa sita usiku ya mwaka mpya wakiwa zamu. Wao wasijione wamekosa kitu. Mwaka wa Kanisa hata hivyo haukuanza Januari, ulianza na Jumapili ya kwanza ya Majilio, na sikukuu ya Epifania, tarehe 6 Januari, ni siku nzuri ya kufanya kazi hii yote kwa utulivu, wageni wakiwa wamekwisha kuondoka na nauli zikiwa zimeshuka.